Natembea peku kwa kupenda, sokoni wanasema nina masharti ya mganga

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, nauza mchele wa jumla na rejareja hapa Mbeya. Mume wangu ni dereva wa fuso. Tulianza na meza ya kupimia kwa sado, na kwa neema ya Mungu sasa nina stoo yangu na vijana wa kubeba magunia. Sisemi haya kwa kujisifu, utaona mbele yanahusikaje.

Shangazi, mimi sivai viatu. Si kwamba sina. Ninavyo vya kanisani, vya safari, na kandambili za kila rangi. Nimezaliwa Usangu, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, na tangu usichana viatu vinanichosha. Nilianza kuvivua stooni kwa sababu pumba zinaingia ndani na kuwasha, baadaye nikajikuta nafunga stoo na kurudi nyumbani bila kuvivaa. Siku hizi natoka peku asubuhi, napanda daladala peku, nashinda sokoni peku. Mwezi wa saba, lami ikiwa na baridi ya kuuma, naisikia nyayoni na moyo unafurahi. Sina nadhiri, sina ugonjwa, sijafiwa. Napenda tu.

Mwanzoni ilikuwa utani. Makonda wananiuliza kama viatu nimeviacha kwa fundi, nacheka, natoa nauli, yanaisha. Mlinzi wa benki aliwahi kunizuia mlangoni akidhani ni mama aliyechanganyikiwa, na mimi mkobani nimebeba mauzo ya wiki nzima. Iliniuma, ila nilivumilia.

Lililonishinda ni hili la masharti. Limeanza mwaka huu, tangu nipanue stoo. Wanasema utajiri wangu ni wa mganga, na sharti nililopewa ni nisivae viatu, nikivaa mali yote inapukutika. Wengine wameongezea kwamba nafanya chuma ulete, ukipokea chenji yangu, pesa zako zote zinanifuata mimi. Kuna mama anayetoka Dar kununua kwangu tangu zamani. Safari iliyopita nilipompa chenji akaniambia niiweke mezani. Nikaiweka. Akatoa kalamu, akaisogeza noti moja moja hadi ukingoni ikadondokea kwenye mkoba wake, hakuigusa kwa mkono. Tulikuwa tunaitana wifi, Shangazi. Wengine sasa wananilipa kwa simu tu, hata mtu wa kilo mbili. Na kwenye kundi la simu la wauza nafaka kuna jamaa alituma sauti akisema "huyu mama peku, kuna siku tutajua anamlisha nani." Hakuna aliyemkemea.

Kanisani kina mama wa kikundi wamependekeza niombewe. Bibi mmoja anayeuza ndizi pembeni yetu aliniletea raba nyeupe za mitumba, amezifua na kuzitia kamba mpya, akanikabidhi kimyakimya. Nilishindwa hata kusema asante, nikaingia stooni nikalia.

Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi amesema, "Mama, kikao cha wazazi uje na viatu, la sivyo aje baba." Baba yake naye anasema vijiweni wanamuuliza kama ameshindwa kuninunulia hata malapa. Kwake jibu ni moja, nivae, yaishe. Lakini nikivaa leo si watasema masharti yamekwisha muda, nimepewa mengine? Na kwa nini nivae kwa sababu ya uongo? Nishauri Shangazi, nimechoka.

Mama Mchele, Mbeya

*

Marahaba, mdogo wangu.

Pole sana. Swali lako la mwisho, uvae au usivae, ndilo jepesi kuliko yote uliyoniandikia. Zito ni hilo neno masharti, na nataka ulishughulikie wiki hii, kabla ya habari ya viatu.

Naona unalichukulia kama umbea wa sokoni unaoumiza moyo na kupunguza wateja. Mimi naogopa zaidi yako. Unajua yaliyowapata bibi zetu wengi wa Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza, waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu ule ulikuwa wa moshi, miaka na miaka ya kupikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Lakini jirani aliyefiwa na mtoto alikuwa anatafuta wa kumlaumu, na macho ya bibi yakageuzwa ushahidi. Leo unaambiwa una masharti. Kutoka hapo hadi "ametoa kafara" si mbali. Siku litakapotokea la kutokea, mtoto wa jirani akagongwa na pikipiki au kijana wako wa stoo akaugua ghafla, hadithi itakuwa imeshatungwa na jina lililomo ni lako. Yule jamaa wa kwenye kundi ameshaanza kuitunga. "Tutajua anamlisha nani" si utani.

Kwa hiyo ile sauti usiifute, na usimjibu kundini. Nenda nayo kwa mwenyekiti wa soko, mkiwa wawili, wewe na mumeo, kisha mfike kwa mwenyekiti wa mtaa. Ombeni aitwe aseme mbele yenu alimaanisha nini. Nchi yetu ina Sheria ya Uchawi ya tangu mwaka 1928, ya enzi za Mwingereza, na bado inatumika. Wengi wanadhani inawahusu wachawi peke yao. Inamhusu pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kiholela, bila kupeleka tuhuma zake mahali panapotambuliwa na sheria, na mtu huyo anaweza kushtakiwa. Mwenyekiti akilisema hili mbele ya watu, wenye midomo mirefu hupoa. Yule jamaa asipopoa, au akitoa kitisho chochote, nendeni polisi siku hiyohiyo, msisubiri kikao kingine.

Sasa nikueleze kwa nini hadithi hii imekupata wewe na haikumpata mama mwingine. Kwetu mtu mzima akionekana peku mjini, watu wana majibu matatu mfukoni: kafiwa, kachanganyikiwa, au kafulia. Hata Maandiko yanatusomesha hivyo. Daudi alipomkimbia Absalomu alipanda mlima wa Mizeituni akilia, hana viatu, na kila aliyemwona alijua ni mtu wa majonzi. Watu walipokutazama wewe walijaribu majibu hayo, yote yakagoma. Hukufiwa. Akili yako ni timamu, hesabu za magunia huzikosei. Umaskini nao haukukaa, maana stoo inapanuka. Ndipo wakachukua jibu la nne. Ungekuwa unauza mchicha kwenye beseni wangekuhurumia tu, kama alivyokuhurumia bibi wa ndizi. Kwa hiyo usijitese kutafuta ulichokosea. Ni mafanikio yako yaliyokaa pamoja na kitu ambacho hawajakizoea.

Na mazoea ndiyo yenye neno hapa. New Zealand watu wazima wanaingia peku dukani, wananunua maziwa na mkate, hakuna anayegeuza shingo. Afrika Kusini kuna shule ambazo watoto wa watu wenye uwezo kabisa wanakwenda bila viatu na walimu hawaoni ajabu. Kwetu sisi historia ni nyingine. Wazazi wetu wengi walisoma peku, viatu vilikuwa vya Krismasi au Idi, na aliyepata kazi ya ofisi alianza kwa kununua viatu. Kwa hiyo mama wa makamo akikuona unaviacha kwa hiari anaona umekikanyaga kile alichokitafuta kwa jasho. Maumivu yake ni ya kweli, hata kama hayakuhusu. Nakuomba umtenganishe huyo na anayekuzushia.

Nimeisoma barua yako na sijaona mahali ulipomwambia mtu yeyote ulichoniambia mimi. Unacheka na konda, unavumilia kwa mlinzi, unaingia stooni kulia. Sehemu yako ya maelezo umeiacha wazi, wameijaza wao. Anza kusema, kwa sauti ya kawaida, bila kuulizwa mara mbili: "Nimekulia majarubani, viatu vinanichosha, napenda kutembea hivi." Basi. Maneno yawe hayohayo kwa konda, kwa mteja, kwa kina mama wa kanisani. Usiongeze viapo, usitaje mganga hata kwa kumkana, maana ukishamtaja umemleta mezani. Kina mama wakisema wakuombee, kubali, kaa katikati yao wakuombee, halafu waambie hayo maneno. Maombi hayana hasara, na mtu akishakuombea inamuwia vigumu kukusema vibaya kesho yake.

Yule wifi yako wa Dar usigombane naye. Hofu ya chuma ulete haitoki kwa mabishano, na amekuja mwenyewe hadi dukani kwako licha ya hofu hiyo, maana yake mchele wako bado anautaka. Alipe kwa simu. Wote wanaotaka kulipa kwa simu walipe, uwaandikie risiti, uwashukuru. Siku moja akija, mkaribishe chai mnywe pamoja. Akikataa, chai yako umeinywa.

Nije kwa binti. Hapa sitakuzungusha, kikao cha wazazi nenda na viatu. Hakukuambia uache kupenda unachopenda. Amekuomba kitu kimoja, siku moja, mahali pamoja ambapo yeye ndiye atakayebaki na wenzake wewe ukishaondoka. Mtoto wa darasa la tano hana uwezo wa kubeba vita ya mama yake uwanjani wakati wa mapumziko. Mwambie kabla: "Nitavaa kwa sababu umeniomba, na kwangu wewe ni mkubwa kuliko miguu yangu." Kisha mweleze ukweli wote, ili anayemchokoza apate jibu kutoka kwa mtoto anayejua la kusema. Mwalimu wake wa darasa naye ajue, kwa kifupi, ili awe macho na utani unaozidi.

Najua utasema kuvaa siku hiyo ni kukubali kushindwa, na kwamba watasema masharti yamekwisha muda. Watasema. Ukivaa watasema, usipovaa watasema, ndiyo maana nasema viatu haviwezi kuwa dawa ya uvumi huu. Lakini kwa sababu hiyohiyo usivifanye kiapo. Mkumbuke Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 alishinda mbio ndefu za Olimpiki kule Rome akikimbia peku usiku juu ya mawe ya barabara za zamani, saa 2 dakika 15 na sekunde 16, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi ile. Dunia nzima ilizungumza habari ya miguu yake. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na soksi, akashinda tena, kwa muda mzuri zaidi. Rome viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, akaviacha. Tokyo alikuwa na vinavyomfaa, akavivaa. Kiatu ni kifaa, unakitumia kinapokufaa. Tena mtu anayekuona leo peku sokoni na kesho umevaa viatu shuleni anapata kazi ngumu ya kueleza masharti gani hayo ya kwenda na kurudi.

Kwa hiyo weka jozi moja nyepesi mkobani, kila siku. Benki, shuleni, ofisi za serikali, na dukani kwa mtu mwenye masharti yake ya mavazi mlangoni, vaa, fanya shughuli yako, toka, vua. Yule mlinzi alikosea namna alivyokutazama, lakini wewe hukwenda benki kumfundisha mlinzi, ulikwenda kuweka pesa, na mama mwenye mauzo ya wiki mkobani hapaswi kusimama mlangoni akibishana watu wakimwangalia.

Zile raba za bibi zimenigusa kuliko yote. Huyu ni mtu pekee katika barua yako aliyeona jambo akachukua hatua kwa faida yako, akatoa kwenye faida ya ndizi. Kaa naye kesho. Mshukuru kwa maneno yaliyokwama siku ile, mwambie kwamba unavyo viatu ila miguu yako inapenda ardhi, na raba umezitunza. Siku ukienda nyumbani kwake kumsalimu, zivae akuone nazo. Bibi wa sokoni akishajua ukweli wako ataulinda kuliko mwenyekiti, kwa kuwa yeye yupo hapo kutwa na kila mzushi anapita mbele ya meza yake.

Mumeo usimweke kundi moja na wanaokusema. Anaulizwa swali la kumvunjia heshima na hana jibu, anaona njia fupi ni uvae. Mpe jibu. Mkae usiku mmoja, umweleze, na umuulize kitu gani hasa kinamuuma. Huenda ni mahali pawili tu, tuseme harusini na kwa wakwe, na hapo mnaelewana. Vijiweni aseme, "Mke wangu ana viatu kuliko mimi, anapenda hivyo, na mimi sina shida naye." Mume akisema hivyo hadharani, nusu ya maneno yanakufa siku hiyo.

Limebaki la afya, na hapa nitakuwa mkali, kwa sababu umesema huna ugonjwa lakini hukusema umepima.

Stooni na kwenye mashine ya kukoboa, vaa viatu vilivyofunika vidole. Umeanzia peku huko na ndiko pabaya kuliko barabarani. Gunia la kilo 100 likimponyoka kijana, mguu hauna mjadala nalo. Sokoni tazama unapokanyaga, hasa penye maji machafu na karibu na vyoo. Minyoo ya safura hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, vijiminyoo vyake hupenya ngozi ya mguu, mara nyingi katikati ya vidole, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni, ukavimeza bila kujua, na huko tumboni ndiko vinakokua na kukunyonya damu. Dalili ya mwanzo ni muwasho mdogo. Baadaye unachoka, unapauka, ukipanda ngazi unahema. Mwanamke wa miaka 41 akichoka hivyo husingizia kazi. Kipimo cha choo ni rahisi na dawa zipo. Ukienda Usangu kusalimia, kumbuka maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makazi ya kichocho, na huwezi kukiona kwa macho.

Kila jioni osha miguu kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, geuza nyayo utazame kwa mwanga. Kama una magaga, loweka kwenye maji ya vuguvugu, sugua, paka mafuta. Ufa unaotoa damu ni mlango wa vijidudu. Ukiona funza usimtoe kwa pini iliyotumiwa na mwingine. Na ukichomwa na msumari, hata kama damu ni tone moja, osha vizuri uende kituo cha afya kuuliza habari ya sindano ya pepopunda, maana kidonda chembamba cha ndani ndicho vijidudu vyake hupenda, na inawezekana chanjo yako ya mwisho ilikuwa ya ujauzito wa huyo binti.

La mwisho ni kisukari. Nenda kapime mwezi huu. Kisukari kikikaa muda mrefu hupunguza hisia za miguu, unakanyaga kigae cha chupa asubuhi na kukigundua jioni kwa kuona damu kwenye shuka, na vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyoishia kukatwa mguu. Kipimo kikiwa kizuri, endelea kutembea unavyopenda, na urudie kupima mara kwa mara. Kikiwa kibaya, mdogo wangu, peku imekwisha, na hapo sitakuwa na ushauri mwingine wa kukupa. Siku ya kwenda, vaa zile raba, pale maabara watu wanachomwa sindano na sakafu yao usiikanyage hivihivi.

Shangazi